Namba Ngapi, Bwana Sugden?

Kila asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili, mlango wa nyumba ya jirani yangu hufungwa taratibu. Huyo ni Bincy anakwenda kazini. Mumewe, Biju, hubaki akiwapikia watoto wao wawili dengu na unga wa mchele na nazi uliopikwa kwa mvuke. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Harufu ya nazi hunifikia mimi ninayekula mkate na jemu peke yangu.

Naitwa Beryl Crabtree. Nimezaliwa hapa Keighley, mji mdogo wa Uingereza, na nitazikwa hapa. Nilifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye dirisha la mapokezi la kliniki, kwa hiyo nawajua watu wa mji huu na magonjwa yao.

Bincy na Biju walikuja kutoka Kerala, kusini mwa India, miaka miwili iliyopita. Bincy huhudumia wazee majumbani mwao. Kibali cha familia nzima cha kuishi nchini kinategemea kazi hiyo. Ikiisha, wana siku sitini tu za kupata mwajiri mwingine au kufunga mizigo. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini nilikasirika.

Mzee wa kwanza kwenye ratiba ya Bincy alikuwa Wilf Sugden. Ana miaka themanini na minne. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha sufu tangu akiwa na miaka kumi na mitano, na sidhani kama aliwahi kuomba ruhusa ya ugonjwa. Mkewe amefariki. Binti yake, Janice, anaishi Leeds.

Bincy alipewa dakika ishirini kwake. Katika dakika hizo alimpikia uji, akampa dawa, akamwekea chai. Na kila siku walizungumza hivi:

"Unaendeleaje leo, Bwana Sugden?"

"Sipaswi kunung'unika, binti. Na uniite Wilf."

"Sawa, Bwana Sugden."

Kwa Kiingereza chetu ni "mustn't grumble." Watu wa huku wanasema hivyo wakiwa wazima, na wanasema hivyohivyo wakiwa wanakufa. Hakuna aliyemwambia Bincy. Kwao Kerala, mtu akiumwa, anasema anaumwa. Majirani wanakuja, na shangazi anakuja na dawa yake.

Jumapili moja ya Novemba, Wilf alitoka kupeleka pipa la taka barabarani. Kulikuwa na majani yaliyolowa. Aliteleza akaanguka kwa ubavu. Alijikokota mpaka kwenye kiti chake sebuleni, akakaa. Hakumpigia mtu simu. Ngazi zilimshinda, akalala hapohapo kitini.

Jumatatu Bincy alimkuta amekaa, amevaa nguo zake.

"Umeamka mapema leo," alisema.

"Ndiyo. Nilijigonga kidogo jana. Panauma kidogo tu."

"Nimwite daktari?"

"Hapana, binti. Sitaki kumsumbua mtu."

Jumanne alimuuliza tena hali. Wilf akajibu, "I've been better." Yaani, amewahi kuwa na siku nzuri kuliko hii. Jumatano akasema yuko "a bit under the weather," yaani, neno kwa neno, yuko chini kidogo ya hali ya hewa. Bincy alitazama dirishani. Mvua ilikuwa ikinyesha. Alidhani mzee hapendi baridi, akamwongezea blanketi.

Alhamisi Bincy hakuwa zamu; aliyefika ni Janice, kutoka Leeds. Alimkuta baba yake mweupe kama karatasi. Gari la wagonjwa likaja. Nyonga ilikuwa imevunjika tangu Jumapili.

Jioni ile Janice alimpigia Bincy simu. Biju alisikia kila neno kutoka upande wa pili wa meza.

"Baba yangu amekaa siku nne na mfupa uliovunjika," Janice alisema. "Wewe ulikuwa unaingia na kutoka. Huna macho?"

"Nilimuuliza, mama. Kila siku nilimuuliza. Alisema panauma kidogo tu."

"Na wewe ukamwamini?"

Bincy alishangaa swali lile. Kwa nini asimwamini mzee wa watu?

Kesho yake alipata barua kutoka kampuni yake. Jumamosi alikuja kunigongea. Mkononi alikuwa na keki ya ndizi.

"Anti Beryl, onja hii. Jumatatu meneja ameniita kwa maongezi mafupi. Nataka kumpelekea keki. Unafikiri sukari imezidi?"

"Maongezi gani?"

"Hata sijui. Ameandika kwa upole sana. Anasema nisiwe na wasiwasi."

Nilivaa miwani nikaisoma barua. Iliandikwa na meneja, Bwana Holroyd. Alisema angependa kumwalika Bincy kwa maongezi mafupi kuhusu "matukio ya wiki iliyopita ambayo hayakuwa mazuri sana." Asiende kazini mpaka wakati huo. Akipenda, anaweza kuja na mtu. Asiwe na wasiwasi wowote.

"Bincy, kaa chini," nilisema. "Hiyo keki iweke pale."

"Kuna nini?"

"Haya siyo maongezi. Huyu anataka kukufukuza."

Alicheka kidogo. Kisha akauona uso wangu, akaacha kucheka.

"Lakini ameandika nisiwe na wasiwasi."

"Ndiyo maana uwe nao. Sisi watu wa huku hatusemi jambo zito kwa uzito wake. Meneja akikuita kwa 'maongezi mafupi' na amekuzuia kazini, hicho ni kikao. Akisema jambo 'halikuwa zuri sana,' anamaanisha ni baya na anatafuta wa kumbebesha lawama. Akisema 'labda ungependa kufikiria' kufanya kitu, anakuamuru ukifanye leo."

"Kwa nini asiseme tu?"

"Kwa sababu tumelelewa hivyo. Tunauita upole."

"Upole?" Bincy alisema. Sauti yake ilipanda. "Nina watoto wawili shuleni. Nimeuza dhahabu ya harusi yangu ili nifike hapa. Nilikuwa nimpikie keki mtu anayetaka kunifukuza, halafu mnasema ni upole?"

Niliona aibu kwa niaba ya mji mzima. Niliwasha birika, nikachukua karatasi.

"Niambie alichosema Wilf. Siku kwa siku, kama alivyosema."

"Sina haja ya kukumbuka," alisema. "Nimeandika." Akatoa simu ya kazi. "Tulifundishwa tuandike maneno ya mzee kama yalivyo, tusiongeze ya kwetu. Naandika kila nikimaliza, ofisini wanasoma."

Nikasoma. Jumatatu: amejigonga, panauma kidogo, hataki kumsumbua mtu. Amekunywa nusu ya chai. Jumanne: amewahi kuwa na siku nzuri kuliko hii. Nusu ya chai. Jumatano: yuko "a bit under the weather." Hakunywa chai.

"Bincy, ngoja nikueleze," nilisema. "Mzee wa hapa akisema panauma kidogo, panauma sana. Akisema amewahi kuwa na siku nzuri kuliko hii, ana hali mbaya. Maneno ya Jumatano hayahusu mvua. Yanamaanisha mtu anaumwa. Na akisema hataki kumsumbua mtu, hapo anaomba msaada. Nimeyasikia miaka thelathini na moja. Mwanamume mmoja alikuja dirishani kwangu amefunga kidole kwa kitambaa cha vyombo, damu inadondoka sakafuni. Aliniomba radhi kwa usumbufu. Akauliza kama kuna nafasi wiki ijayo."

"Kwa hiyo aliniambia," Bincy alisema polepole. "Kila siku aliniambia, na mimi sikusikia."

"Hukufundishwa kusikia."

"Lakini ile chai niliiona, Anti. Bwana Sugden haachi chai. Moyoni nilijua kuna kitu. Nikatazama saa, nikaondoka." Alijifuta macho. "Hapo nilikosea. Sitasema sikukosea."

Nilipenda kwamba alilisema hilo. Kisha nikaona kitu kwenye simu. Pembeni ya kila taarifa kulikuwa na alama ya kijani.

"Hii ni nini?"

"Ni kuonyesha imesomwa. Jina la aliyesoma linaandikwa chini."

Jina lilikuwa Tracey Moorhouse, siku zote tatu. Namjua Tracey. Namjua mama yake. Amezaliwa mitaa mitatu kutoka hapa. Bibi yake alikuwa akisema hana la kunung'unika mpaka siku anaingizwa chumba cha upasuaji. Tracey alielewa kila neno la Wilf, au angelielewa kama angesoma kweli. Aliweka alama ya kijani akaendelea na mambo yake. Na sasa mgeni ndiye anayeitwa kwa maongezi mafupi. Nilipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

Jumatatu tulikwenda wote wawili. Keki tuliiacha nyumbani.

Bwana Holroyd alitukaribisha kwa tabasamu. Tracey alikaa pembeni yake na daftari.

"Asante kwa kuja, Bincy," alisema. "Nadhani sote tunakubali kwamba mambo hayakwenda vizuri sana."

"Mambo yalikwenda vibaya," Bincy alisema. "Mzee alivunjika nyonga akakaa siku nne bila daktari. Hilo ni baya sana."

Bwana Holroyd alikohoa. Hakuzoea kusikia jambo likiitwa kwa jina lake.

"Naam. Na labda ungependa kufikiria kama kazi hii inakufaa kweli."

"Unamaanisha unanifukuza?"

"Sikusema hivyo."

"Basi naomba useme. Kama siyo, nina jambo la kusema mimi."

Bincy akaweka simu mezani, akaisogeza mbele.

"Kosa langu ni hili. Niliona hamalizi chai, sikumwomba asimame. Hilo nalibeba. Lakini haya ni maneno yake, neno kwa neno, kama mlivyotufundisha. Mimi sikujua maana yake. Nimezaliwa Kerala. Naomba dada Tracey anisomee ya Jumatano, aniambie maana yake."

Tracey aliiangalia simu. Shingo yake ilipata mabaka mekundu.

"Kwamba anaumwa," alisema.

"Ulijua Jumatano?"

"Nilikuwa na taarifa mia na arobaini siku ile."

"Mimi nilikuwa na dakika ishirini," Bincy alisema.

Hapo mdomo wangu ulinishinda. "Graham Holroyd," nilisema, "mama yako alikuja dirishani kwangu na nimonia akaniambia ni mafua kidogo. Nilimwona daktari amembeba. Humu ndani kila mtu anaijua lugha hii isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye mliyemtuma aisikilize peke yake. Mkimfukuza, naipeleka simu hii kwa Janice Sugden kwa miguu yangu."

Meneja akaomba dakika tano. Zikawa arobaini. Aliporudi alisema Bincy ataendelea na kazi yake, na jambo hili halitaandikwa dhidi yake. Alisema anasikitika kama Bincy alijisikia vibaya.

"Sikujisikia vibaya," Bincy alimjibu. "Nilitendewa vibaya."

Kwa Janice tulikwenda hata hivyo. Tulimkuta hospitali, kando ya kitanda. Alisoma taarifa zote tatu, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, ulimwambia hutaki daktari?"

"Sikutaka kelele," Wilf alisema.

"Iliuma kiasi gani?"

Alitazama dari. "Kidogo."

"Baba."

"Iliuma vibaya sana," alisema Wilf. "Nilidhani sitaamka. Binti huyu alitaka kumwita daktari, mimi nikamkataza. Mwacheni."

Janice alimwomba Bincy msamaha palepale. Alimwomba kwa maneno manyoofu, bila kuyazungusha.

Kuanzia hapo Bincy alibadilisha utaratibu wake. Hamuulizi mzee yeyote hali tu na kuridhika na jibu. Anamwomba asimame, atembee mpaka dirishani. Anatazama kikombe na sahani. Kisha anauliza maumivu ni namba ngapi, kutoka sifuri mpaka kumi. Na mzee akisema "kidogo," anapiga simu ofisini, hangoji alama ya kijani.

Wilf alirudi nyumbani mwezi wa Januari. Mwanzoni alikuwa mkaidi.

"Namba ngapi, Bwana Sugden?"

"Moja. Na uniite Wilf."

Bincy alikaa kitini akasubiri. Akatazama chai. Wilf naye akaitazama.

"Mbili," alisema.

Bincy akaendelea kusubiri.

"Saba, basi. Kidonda cha upasuaji kinawaka moto tangu jana."

Kabla ya saa sita muuguzi alikuwa amefika. Kidonda kilikuwa kimeanza kuoza. Kilioshwa, Wilf akapewa dawa, na hakulazimika kurudi hospitali. Siku hizi Bincy huwafundisha wafanyakazi wapya wa kampuni maneno yetu haya, kila Jumanne, na Tracey huketi mstari wa mbele akiandika.

Wiki iliyopita Bincy alipita kwangu akitoka kazini. Mimi nilikuwa nimekaa jikoni, sijawasha hata birika.

"Anti Beryl, hujambo?"

"Sipaswi kunung'unika," nilisema.

Bincy alivua koti, akalitundika. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Namba ngapi?"

Nilitaka kucheka. Nilitaka kumwambia mimi ndiye niliyemfundisha haya. Aliendelea kunitazama.

"Sita," nilisema. "Ni goti. Tangu Krismasi."

"Simama, Anti," alisema, akanipa mkono wake. "Tutembee mpaka dirishani."