Sura Moja kwa Wanawake Wawili

Isdori aliingia duka la rangi la Mzee Halfani, katikati ya kelele za soko la Sumbawanga, akitafuta rangi ya dhahabu. Akaipata, na akampata pia Hasna, binti wa mwenye duka: mtandio wa zambarau, vidole vyenye hina, na mdomo uliojaa utani.

"Dhahabu yote hii unamchorea nani, fundi?"

"Malaika. Padri ana kitabu cha picha za Ufunuo, watawa wa Ulaya walizichora kwa mkono zamani sana. Anataka ukuta wa kanisa ufanane nazo."

"Basi na mimi nichore!"

Akamchora. Mwanamke aliyevikwa jua, mwezi chini ya miguu yake, akapewa macho ya Hasna na kidevu chake. Hasna alipoiona picha kwenye simu alicheka mpaka akatoa machozi.

"Mpenzi, umenipandisha mbinguni! Iwe siri yetu. Ngoja kwanza nimlainishe baba."

Na mzee akalainika. Alisema kijana akiwa tayari kusilimu, aje na wazee wake baada ya sikukuu ya parokia. Isdori alikuwa tayari kwa lolote.

Haraka ndiyo iliyomponza. Sura alizipiga kwa kiolezo, karatasi iliyotobolewa mistari ya uso. Usiku wa kuamkia sikukuu ilibaki sura moja tu, ya kahaba wa Babeli juu ya mnyama mwenye vichwa saba. Akachukua kiolezo kilekile cha Hasna. Nani ataangalia?

Waliangalia wote. Misa haijaisha, picha zilishafika dukani, na Hasna akampigia simu.

"Isdori, yule juu ya mnyama ni nani?"

"Hasna wangu, nisikilize. Ni kiolezo tu, nilikuwa na haraka..."

"Wateja wanamwonyesha baba. Wanamuuliza ameanza lini kunichuuza." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata maini Isdori. "Baba analia. Sijawahi kumwona akilia."

"Namfuta sasa hivi!"

"Futa wote wawili. Kesho napelekwa Kasesya kwa shangazi. Kuna mtu huko ameniposa, nimekubali."

"Unampenda?"

"Usiniulize hilo, mpenzi." Akakata simu.

Kanisa lilipobaki tupu, Isdori alipanda ngazi na ndoo ya chokaa. Kahaba alimfuta upesi. Mbele ya yule wa jua mkono ulikataa, akalia kwa sauti kama mfiwa. Kisha akachovya brashi, akaanza na macho, asije akamwona akimfuta.