Betri Isiyochorwa

Kila siku saa tisa alasiri, Raheli alifagia banda la mikutano la kijiji cha ujamaa cha Kinyangiri, akapanga mabenchi na kuwasha redio ili kina mama wafuate kipindi cha kusoma na kuandika. Mama yake alikuwa mmoja wao. Raheli alikuwa darasa la saba, na kazi hiyo alipewa kwa sababu hakuna aliyemshinda katika kikundi cha sayansi.

Wiki hiyo redio iliugua. Ilianza vizuri, kisha baada ya dakika chache sauti ikakoroma na kufifia. Mzee Alute, mtunza mali ya kijiji, alisimama mbele ya watu wote.

"Huyu binti ameichokonoa! Kesho kamati imwondoe kwenye kikundi!"

Raheli alipandwa na hasira. Redio aliifungua mara moja tu, tena mbele ya Mwalimu Febronia wa kikundi cha sayansi! Uonevu wa namna hiyo unauma kuliko fimbo, maana huna hata kosa la kujutia. Alikwenda mbio shuleni.

"Mwalimu, nimesingiziwa!"

"Basi thibitisha," alisema Mwalimu Febronia, akampa chaki.

Kwenye kikundi walikuwa wamejifunza kwamba transista ina miguu mitatu: ishara ndogo ya sauti huingia mguu mmoja, ikatoka mguu mwingine ikiwa kubwa. Ili kurahisisha hesabu, transista huondolewa kwenye mchoro na mahali pake huwekwa vipande rahisi vinavyofanya kazi kama yake. Raheli alichora na kukokotoa mpaka chaki ikaisha.

"Hesabu zinasema sauti iwe safi! Mbona inakoroma?"

"Mbona sioni betri kwenye mchoro wako?"

"Mwalimu, si ulitufundisha? Kwenye mchoro wa ishara ndogo betri haichorwi, kwa sababu nguvu yake haibadiliki."

"Na ikibadilika?"

Raheli aliutazama tena mchoro. Betri hakuwa ameziangalia hata mara moja.

Kesho yake kamati ilikusanyika bandani, kina mama na Mwalimu Febronia wakiwapo. Raheli aliifungua redio mbele yao. Betri zilikuwa za moto mkononi, zimegandwa na makapi ya uwele.

"Shikamoo, mzee," alimgeukia Mzee Alute.

"Marahaba."

"Jumatatu kijiji kilinunua betri mpya, ukakabidhiwa wewe. Hizi ni kuukuu, zimeanikwa juani pamoja na uwele ili zipate nguvu kidogo. Naomba tochi yako."

Kwa tochi hiyo Mzee Alute alilinda shamba lake dhidi ya nguruwe pori, na siku hizo ilimulika hadi ng'ambo ya korongo. Hakuitoa. Mama Raheli aliinuka.

"Itoe, mzee! Wiki nzima tunasikiliza mkoromo, na mwanangu unamtangazia ubaya!"

Tochi ikafunguliwa. Betri mpya zikawekwa redioni, na sauti ya mtangazaji ikajaa banda zima.

"Nguruwe walikuwa wananimalizia shamba," Mzee Alute alisema akiinamisha kichwa. "Nikaona aibu kusema. Nisamehe, binti."

"Nimekusamehe, mzee," Raheli alijibu, ingawa hasira ilikuwa haijamtoka.

Kamati ilikubaliana abaki kwenye kikundi, na betri azitunze yeye. Ndipo Mwalimu Febronia aliposimama.

"Betri haichorwi kwa sababu tunaamini haibadiliki. Mzee Alute naye hatukumkagua kwa sababu tulimwamini. Kuamini si vibaya. Lakini kitu kikiharibika, tuanze kuangalia pale tunapopaamini, kabla ya kumnyooshea mtoto kidole."

Kina mama walifungua vitabu vyao, na Mzee Alute akakaa benchi la nyuma, akasikiliza kipindi mpaka mwisho.