Sauti ya Marehemu Kwenye Kaseti

Eee, umeuliza vizuri... ni Kakuta, mwanangu wa kumzaa, aliyeivunja ile kaseti. Kwa shoka! Mbele ya mtoto!

"Kakuta, umechanganyikiwa?"

"Baba, aliyezikwa hatajwi jina! Nyie kila jioni mnamfungulia redio!"

Kweli, kwetu Wamaasai wa Nainokanoka marehemu hatajwi. Na kaseti ilianza na jina lake mwenyewe...

Ngoja nirudi nyuma, msije mkapotea. Mwaka elfu mbili na mbili. Mjukuu wangu Naserian alizaliwa miguu imekaza. Mama yake, mke wa Kakuta, alimbeba mpaka Karatu, kwa Sista Flaviana, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Sista akaona huku juu kwetu hawezi kufika kila mara. Akamfundisha, kisha akamrekodi yule mama kwenye kaseti akielekeza kwa Kimaasai, ili yeyote nyumbani aweze kumnyoosha mtoto.

"Kamata goti. Nyoosha taratibu. Usimwachie kwa sababu analia."

Homa ikamchukua mama. Sauti ikabaki, pamoja na kikohozi chake kidogo katikati ya maneno.

Mimi na bibi yenu tukawa tunaifuata. Kakuta? Akahamia kula kwa kaka yake. Ndani hakanyagi, asije akaisikia!

Mpaka siku ile ya shoka. Sasa kaseti hakuna. Wazee tumesahau, tunaogopa kumuumiza mtoto. Miguu ikaanza kujikunja tena... na Sista alishasema, ikikaza kabisa, kutembea basi!

Jioni moja ng'ombe wanaingia, niko zizini na Kakuta. Tukaisikia.

"Kamata goti. Nyoosha taratibu..."

Jamani! Nywele zilinisimama! Ni yeye! Hata kile kikohozi chake!

Fimbo ikamdondoka Kakuta.

"Baba... si niliivunja?"

"Uliivunja. Niliona."

Tukachungulia ndani ya nyumba. Naserian, peke yake juu ya ngozi, kakamata goti lake, machozi yanamtiririka, anajiamrisha kwa sauti ya mama yake. Na kikohozi anakohoa! Kaseti nzima ilikuwa kichwani mwake.

Akatuona.

"Baba, jina sitaji! Pale kwenye jina naruka... Usinivunje."

Usinivunje!

Kakuta akainama, akaingia. Akalishika lile goti.

"Haya, sema. Nifanyeje?"

"Nyoosha taratibu. Usimwachie kwa sababu analia."

Wakalia wote wawili. Hakuachia.

Leo Naserian anatembea kwa magongo. Wajukuu zangu, kumnyamazia marehemu ni heshima, sawa... lakini kazi aliyoiacha nani ataimaliza?

Jioni ile bibi yenu akafoka, "Kakuta! Loshoro yako ya mahindi na maziwa inapoa, au siku hizi wewe ni wa kwa kaka yako?"

"Nipo, mama."

Akakaa. Nikakaa. Naserian katikati, miguu kainyoosha mbele.

Kabla hatujagusa chakula, mtu akakohoa, kikohozi kile kile.

Sikuangalia ni nani. Tukala.