Thomson Inatoka Wapi?

Kila Ijumaa, katika mtaa wa Kikula, Mwadi alikaanga Thomson, samaki wa barafu ambaye Likasi nzima humwita hivyo. Ijumaa moja mumewe, Tshimanga, alitangulia kula. Haikupita nusu saa, uso ukamwiva, kichwa kikamgonga, mwili ukamwasha. Kesho yake alikuwa mzima, lakini mama yake alikwisha toa hukumu: "Ni mukono ya mupishi."

Tangu hapo Tshimanga alikula kwa mama yake. Mwadi hakutulia. Alifagia ua ambao alikwisha ufagia. Siku ya tisa alikwenda kwa jirani yake Emérance, mfanyakazi wa maabara ya kituo cha afya.

"Ile samaki ilitoka wapi?" aliuliza Emérance.

"Kwa Ricky, sokoni."

"Siulizi mwenye kuuzisha. Samaki ilitoka wapi?"

"Yaya, dada yangu, ni Thomson. Si inatoka kwa Thomson?"

Emérance akacheka. "Thomson ni jina tu, Mwadi. Mji ya Thomson weye uliionaka wapi? Twende."

Sokoni, Emérance alimwomba Ricky awaonyeshe katoni walimotoka samaki wa Ijumaa ile.

"Bamama, munataka kula samaki ao katoni?"

"Samaki. Lakini katoni ndiyo inasema kama inalika."

Ricky akaivuta. Iliandikwa Namibia, ila mahali pa tarehe palikuwa pamechanika. Samaki walikuwa laini, wamegandamana katika barafu nyekundu.

"Courant ya umeme ilikatika wiki ile?" aliuliza Emérance.

"Siku mbili," alisema Ricky, akitazama pembeni. "Lakini ilirudia."

Emérance akamgeukia Mwadi. "Iliyeyuka, ikagandishwa tena. Samaki ya namna hii ikikaa kwenye joto, inafanya sumu. Barafu haiondoi, mafuta ya moto haiondoi. Na pengine hainuki. Mukono yako haina kosa."

Mwadi alimrudishia Ricky katoni yake. Kisha akashika njia ya depo, ghala la samaki wa barafu, mbele ya Emérance.

Safari hii aliuliza mwenyewe. Stéphanie, muuzaji wa depo, alifungua katoni nzima mbele yao. Nchi iliandikwa. Tarehe ya kugandishwa iliandikwa, na tarehe ya mwisho pia. Samaki walikuwa wagumu kama kuni, barafu yao nyeupe.

"Na courant ikikatika?"

"Tuko na groupe ya kutoa umeme. Unaisikia inanguruma pale nyuma."

Mwadi aliomba akate kile kipande cha katoni chenye maandishi. Aliwanunua samaki, akawabeba ndani ya barafu, akawapika siku ile ile.

Alimwita Tshimanga, akamwita na mama mkwe. Mezani aliweka sahani, na kando yake kipande cha katoni.

"Miye nilipika," alisema. "Lakini musome kwanza."

Mama mkwe alisoma polepole, kidole juu ya tarehe. "Namibia," alisema. "Ni mbali."

Tshimanga akala. Mwadi alitazama saa, mama mkwe akatazama uso wa mwanawe. Nusu saa ikapita. Uso ulikuwa vile vile.

Mama mkwe akavuta sahani upande wake. "Mulinibakizia kichwa tu?"