Wimbo Ambao Wendell Hakuimbiwa

Siku walipokutana, kantini ya studio ilikuwa imefurika. Wacheza dansi wenye manyoya kichwani walisukumana na wachunga ng'ombe wa kuigiza, kila mtu akiwahi supu kabla kengele haijalia. Verna Dubicki, gauni la njano na viatu vya kuazima kwa mama yake, mshonaji wa hapohapo studio, aligeuka na sinia. Supu yote ikaishia kwenye shati la kijana mmoja.

"Ungesema tu unataka kunifulia, mrembo."

"Nikufulie kwa sabuni ya nani?"

Wakacheka. Aliitwa Wendell, na kazi yake ilikuwa kupiga santuri. Filamu zile za nyimbo, hakuna anayeimba mbele ya kamera. Wimbo hurekodiwa kwanza. Siku ya picha santuri inalia, mwigizaji anachezesha midomo tu. Verna ndiye aliyemwimbia nyota wa filamu iliyokuwa ikitengenezwa wakati huo, bibie mwenye sura ya malaika na sauti ya bata. Mkuu wa studio alishamwahidi: filamu ijayo atasimama mbele ya kamera yeye mwenyewe, kwa jina lake.

Miezi miwili wakapendana kweli. Simu ililia kila jioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na mama."

"Mpe simu nimsikie."

Verna akacheka, akamwita mama. Aliona raha kupendwa hivyo. Hata Wendell alipomkamata mkono ukabaki na alama, alivaa mikono mirefu, akasema ni bangili iliyombana.

"Bangili ina vidole vinne?" mama akauliza.

Kisha ukaja wimbo wa mwisho, wa mapenzi. Wiki nzima Wendell aliupiga, mara arobaini, na mara arobaini sauti ya Verna ikamwambia mwigizaji Rex Harlan kwamba ni wake milele. Rex akatabasamu mara zote arobaini. Ijumaa mchana Wendell akamwachia mwenzake mashine, akamvizia Verna nyuma ya jengo.

"Ulipokuwa unarekodi, Rex alikuwepo?"

"Alipita kusalimia. Kwani vipi?"

"Mimi hujawahi kuniambia kitu kwa sauti ile."

"Wendell, ule ni wimbo! Nilisimama pale na soksi tu miguuni, namumunya pipi ya koo."

"Usinifanye mjinga."

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili ikavunja taya. Alisikia mfupa ukilia kama kijiti kikavu. Akaangukia ngazi za maigizo, za mbao zilizopakwa rangi ya dhahabu, mateke yakamfuata mbavuni. Na mle ndani santuri ikaanza, sauti yake mwenyewe ikiimba jinsi ilivyo tamu kupendwa.

Hospitali walimfunga meno kwa waya. Aliulizwa nani kampiga, akaandika kwenye karatasi: nimeanguka. Filamu aliyoahidiwa akapewa msichana mwingine.

Wiki ya nne simu ikalia, mama akaipokea. Alikuwa Wendell.

"Mama, nampenda. Zilikuwa hasira tu."

"Hawezi kuongea. Unajua kwa nini."

"Basi nisikie hata anavyopumua."

Verna akachukua simu, akapumua. Na moyo wake, jamani, ukalainika.

Siku ya mwisho ya kupiga picha za filamu alikwenda studio, kitambaa cha hariri kikifunika taya. Mbele ya watu wote Wendell akapiga goti, pete mkononi.

"Tikisa kichwa tu, mpenzi."

Verna akasita. Wendell akacheka, akaweka sindano kwenye santuri, na sauti ikajaa jengo zima: ni wako, wako milele.

"Mmesikia? Ameshakubali!"

Watu wakapiga makofi. Verna akaiondoa sindano, akaitoa santuri, akaivunja gotini. Makofi yakakatika. Akaokota chaki, akaandika kwenye kibao kile kinachogongwa mbele ya kamera: HAPANA. SIKUANGUKA.

Wendell akainua ngumi. Safari hii watu themanini waliiona. Maseremala wa studio wakamlaza chini, nayo pete ikabingirika chini ya mapambo.

Nakala nyingine za santuri ile zilikuwepo. Filamu ikatoka Krismasi. Verna na mama walikwenda sinema, wakakaa safu ya nyuma. Wimbo ule ulipoanza, ukumbi mzima ukatoa leso.

"Tutoke, mwanangu?"

"Subiri, mama." Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza sasa. "Acha nimsikilize. Yule dada alijua kuimba."