Kiti cha Nyuma

Kiti cha nyuma kilikuwa na maji, na Isiolo haikuwa imeona mvua miezi saba. Kanchoro alikikanda kwa kiganja, akanusa, akasema ni mambo ya gari kukaa bila kutumika. Pikapu lenye safu mbili za viti, lina mwaka mmoja tu, rangi inang'aa, bei nusu. Huyu ni mtu wa ngamia, hanunui hata mbuzi kabla ya kuuliza mamake alizaa mara ngapi na boma alilotoka lina msiba gani. Mbele ya gari aliuliza tu kama taa zinawaka. Mwanamume akiona bei nzuri, akili yake huenda kunywa chai.

Mkewe Madina alilipokea kama anavyopokewa mnyama mgeni bomani. Alimwagia kila gurudumu maziwa, akasema, "Ingia na wote ulio nao. Hapa ni kwenu."

Miaka tisa ya ndoa, na Madina hakuwa na mtoto.

Siku ya tatu, adhuhuri, jirani yake Nakal alipitia kuomba chumvi. Akamkuta ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kikombe cha maziwa mkononi.

"Dada, utaiva humo kama mandazi. Unaongea na nani?"

"Na mtoto," Madina akanong'ona, akishusha kioo kidogo. "Anasema ana baridi."

Nakal alitaka kucheka. Kisha akasikia kioo cha nyuma kikigongwa kutoka ndani, polepole, na harufu ya matope ya mto ikamfikia pale aliposimama juu ya vumbi kavu, na alipoangalia vidole vya Madina akaona vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda mtoni akifua, na nywele zake chini ya shuka aliyojitanda kichwani zinadondosha maji, tone baada ya tone, nayo maji ni ya kahawia.

Chumvi aliisahau.

Wiki ya pili Madina alikuwa anakohoa maji hayo. Kanchoro akamleta Maalim Dadacha. Maalim alisoma, akazunguka gari.

"Huyu hakuvunja mlango. Nani alimkaribisha?"

"Mimi," Madina akasema.

"Basi mimi siwezi kufukuza mgeni wako. Mwambie aende. Ukikataa, atakunywa pumzi yako mpaka iishe. Hana ubaya, ni kiu tu."

"Nimwambie aende wapi, maalim? Wazazi wake walivuka mto umefura. Gari likajaa, wakatoka kwa dirisha. Yeye wakamwacha hapa nyuma."

"Madina," Kanchoro akasema, "nitakuzika, wewe mwanamke. Tafadhali."

Madina akamwangalia mumewe. Kisha akaweka mkono kwenye kioo.

"Nenda, binti yangu."

Sauti ya mtoto ikauliza kutoka ndani ya gari, na safari hii wote waliisikia, "Nimekosa nini?"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Nyayo ndogo zenye maji zikashuka, zikakatiza uwanja, zikasimama kidogo mbele ya Madina, zikatoka langoni moja baada ya nyingine, na jua likawa linazikausha kwa nyuma. Madina akapiga magoti, akavua shuka, akaukingia jua ule unyayo uliokuwa karibu naye, akiwa kichwa wazi mbele ya wanaume, mpaka nao ukakauka.