Ndoo ya Nguo Kavu

Mama yangu alikuwa matroni wa bweni la wasichana wa chuo kikuu, na sisi wawili tuliishi humo humo, katika vyumba viwili vya chini karibu na geti. Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikala, kisha nikabeba daftari langu hadi kwenye ngazi za nyuma, pale wanafunzi walipofulia nguo. Mabomba yalikuwa manne, lakini moja tu ndilo lililokuwa na maji ya kuaminika, kwa hiyo foleni haikuisha na mazungumzo hayakuisha. Nilijua nani ameunguza sufuria, nani hasemezani na mwenzake wa chumba, na nani amepewa barua ya onyo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na mdomo usiojua kupumzika. Wanafunzi waliniita Redio, nami jina hilo nililionea fahari.

Niliyempenda kuliko wote ni dada wa chumba namba kumi na nne. Alikuwa mwaka wa kwanza, na kwao kulikuwa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Jumanne na Alhamisi hakuwa na vipindi vya mchana, basi alikaa nami kwenye ngazi, akinisuka nywele huku akinisahihisha hesabu za sehemu na desimali. Alipenda kunisimulia habari za kwao. Alikuwa na mdogo wake wa rika langu, ambaye hakuweza kupata usingizi bila kumshika dada yake sikio.

"Sijui siku hizi anashika nini," alisema siku moja. Alicheka, kisha akaliacha chanuo kichwani mwangu bila kulisogeza. Mimi sina ndugu. Nilimwonea wivu mtoto yule kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote.

Muhula wa pili ulipoanza, dada alirudi akiwa mwingine. Wanafunzi wengine ukiwauliza habari hujibu nzuri hata wakiwa na homa. Yeye alijibu, "Nipo tu, mdogo wangu." Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba, na sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Kisha akaacha kuja kwenye ngazi. Kila Jumanne na Alhamisi nilimwona akishuka na ndoo ya nguo, sketi ya kijani ikiwa juu, akiyapita mabomba bila kusimama.

Mtoto aliyekulia penye kamba za nguo huwezi kumdanganya kwa ndoo. Ya dada ilikwenda nyepesi na kurudi nyepesi, na sketi ya kijani ilirudi kavu, imekunjwa vile vile. Siku ya tatu nilimfuata. Nyuma ya mabomba, katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha kupigia pasi, ndipo ilipokuwa ofisi ya mshauri nasaha wa chuo. Wanafunzi walimwita Mama Kaa Kidogo, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila mtu, hata kwa aliyekwenda kuuliza saa tu. Walisema anayeingia mle nati za kichwa zimelegea. Ndiyo maana dada alibeba ndoo, ili aonekane anakwenda kufua.

Niliumia sana. Saa ile ilikuwa yangu, na sasa amepewa mtu mwingine. Sikujiuliza dada ana shida gani; nilijiuliza kwa nini hanitaki tena. Alhamisi moja msichana mcheshi wa ghorofa ya pili, tuliyemwita Vituko, aliniuliza pale bombani dada yangu yuko wapi siku hizi.

"Hafui yule," nikasema. "Nguo zake kavu. Yuko kwa Mama Kaa Kidogo."

Walicheka wote, nami nikacheka nao, na kwa kitambo kidogo nilijiona mtu mkubwa. Kufikia chakula cha jioni, habari ilikuwa imepanda hadi ghorofa ya juu. Jumanne iliyofuata, dada aliposhuka na ndoo yake, Vituko alimwuliza kwa heshima ya kejeli anatumia sabuni gani, maana nguo zake hukauka kabla ya kulowa. Foleni nzima ikaangua kicheko. Dada alinitazama mimi, mimi tu, kisha akageuka na kupanda ngazi. Tangu siku hiyo hakwenda tena kwa mshauri.

Nilimngoja kwa wiki mbili. Pazia la dirisha lake, lililokuwa juu ya mabomba, halikufunguliwa. Nilikaa kwenye ngazi na nywele zimefumuliwa, nikamkatalia mama asinisuke, nikisema dada atakuja. Nilisikiliza kila kiatu kilichoshuka, nikajua si chake. Nilimkumbuka mpaka nikawa nakosea hesabu makusudi, kama kwamba angehisi makosa yangu kutoka huko juu akashuka kunisahihisha. Hakushuka.

Jumatano tukiwa mezani, mama alisema kwa masikitiko kwamba msichana wa kumi na nne ameomba fomu ya kurudisha ufunguo. Ijumaa anaacha chuo na kurudi kwao, na mitihani imebaki wiki tatu tu. Nilirudisha tonge sahanini. Nilimweleza mama yote, tangu sketi ya kijani hadi kicheko changu mwenyewe. Nilidhani atanichapa, na kweli ningependa anichape yaishe. Aliisogeza sahani yake kando, akasema kesho nikitoka shule niende mwenyewe kwa dada, na yeye hatanishika mkono.

Kesho yake nilifika kwenye ngazi za kupandia juu, miguu ikagoma. Nilijikuta nimesimama mbele ya mlango wa Mama Kaa Kidogo. Ndani hamkuwa na chochote cha kutisha: viti viwili, meza, jagi la maji, na dirisha linalotazama kamba za nguo. Aliniambia nikae kidogo. Nikamweleza kwamba Dada wa Kumi na Nne ameacha kuja kwake kwa sababu yangu.

"Sijui unamzungumzia nani," alisema.

Nilishangaa. Nikaanza kumwelekeza: yule mwembamba, mwenye sketi ya kijani. Alinisimamisha kwa mkono.

"Mwanangu, hata mama yako akija kuniuliza kama ulikuwa hapa leo, sitamjibu. Ya mtu hayatoki humu kwa mdomo wangu. Sasa niambie, habari zako wewe?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimevunja nini. Nilitaka kujibu nzuri, neno likakataa kutoka. Nililia. Nilimwambia namkumbuka dada, nimezoea kuitwa mdogo wangu, na aliyemfukuza ni mimi mwenyewe. Hakunigombeza wala hakunibembeleza. Alisikiliza mpaka nilipomaliza, akaniuliza nadhani naweza kufanya nini. Nilipotoka kosa langu lilikuwa lile lile, lakini sasa niliweza kupanda ngazi.

Dada alifungua mlango nusu. Nyuma yake niliona sanduku limefunuliwa kitandani.

"Ni mimi niliyesema," nilimwambia. "Nisamehe, dada."

"Najua ni wewe. Niliomba tu isiwe wewe."

Aliyasema hayo bila hasira, na ikaniuma zaidi. Aliniambia kwamba tangu arudi likizo alikuwa akiamka analia kabla hata hajakumbuka analilia nini. Anasoma ukurasa mmoja mara tano, hauingii. Kwa mshauri alikuwa ameanza kupata nafuu. "Nilikuwa nimeanza kulala, Redio. Sasa hata nikipita pale nasikia kicheko." Hakuwahi kuniita Redio kabla ya hapo. Nilitamani kumwomba asiende, lakini sikuona nina haki hiyo. Nilimwambia tu kwamba nimetoka kwa mshauri sasa hivi, na nimelia mle ndani. Alinitazama, akasema niende nikapumzike. Mlango ukafungwa.

Nilishuka moja kwa moja hadi mabombani. Foleni ilikuwa ndefu na Vituko alikuwa katikati yake. Nilisema kwa sauti ya kusikika kwamba nimetoka kwa Mama Kaa Kidogo, nimelia huko, na nati zangu zote ziko mahali pake. Nikasema nilikosa kutangaza mambo ya mtu. Anayetaka kucheka anicheke mimi.

Vituko alianza kucheka, lakini hakupata wa kumwitikia. Msichana mmoja wa ghorofa ya tatu, ambaye hakuwahi kunisemesha, alitua ndoo yake chini.

"Mimi huenda Jumatatu," alisema.

Nguo zake zilikuwa kavu. Mwingine akasema hajalala vizuri tangu mitihani iliyopita, na alikuwa akiogopa kuonekana. Maji yalikuwa yakimwagika bure. Vituko akafunga bomba. Kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaniuliza yule mama huwa yupo mpaka saa ngapi. Nilipoinua macho niliona pazia la dirisha la juu likitikisika, lakini sikujua kama ni dada au ni upepo.

Ijumaa sikuelewa hata somo moja. Kengele ilipolia nilikimbia mpaka nyumbani. Getini hapakuwa na sanduku. Mama aliniambia dada alikuja asubuhi akairudisha fomu ile bila kuijaza. Nikaenda nyuma, na mchana ule ule nikamwona akishuka, mikono mitupu, akipita mbele ya watu wote. Mtu mmoja alisogeza beseni lake ili apite vizuri. Aligonga mlango wa mshauri, akaingia.

Jioni mama aliniketisha karibu naye.

"Moyo huugua kama mwili unavyougua," aliniambia, "na anayekwenda kutafuta msaada hana la kuonea aibu. Ukiona mtu hali, halali, anajifungia, njoo uniambie mimi au mshauri. Huo si umbea, huko ni kumsaidia. Umbea ni kusema ili watu wacheke. Mambo ya mtu ukiyajua, hukupewa uyagawe."

Nikamwuliza kama dada amenisamehe.

"Amekusamehe. Kukuamini ni jambo jingine, hilo utalingoja."

Nililingoja. Dada alirudi kwenye ngazi, akanisuka, akanisahihisha hesabu, akawa anacheka mara moja moja. Lakini habari za kwao hakunisimulia tena hata moja. Niliuvumilia ukimya ule siku baada ya siku, nikizitamani simulizi zake kuliko kitu chochote, wala sikuthubutu kuuliza. Mitihani ikaja na kupita, akafaulu.

Siku ya kuanza likizo, basi lake likiwa limebakiza saa moja, alikuja akakaa kwenye ngazi. Akasema, "Sogea, mdogo wangu." Akanisimulia jambo la nyumbani kwao, la huzuni na la kuchekesha kwa pamoja, na akasema mle bwenini hakuna mwingine anayelijua isipokuwa mshauri. Tulikaa mpaka mlinzi alipokuja kumchukulia sanduku.

Nilipoingia ndani mama aliniuliza tulikuwa tukizungumza nini muda wote ule.

"Ni mambo yake, mama," nilimjibu.

Mama alinitazama kidogo, kisha akaendelea kupanga funguo za vyumba.